Jiwe la Mdachi Nyuma ya Jiko Langu

Nimesoma mpaka darasa la pili, basi. Nyumba yangu hapa Kivinje nimeijenga kwa kuchoma chokaa, mikono ikibabuka, na hakuna mtu aliyenisaidia. Kwa hiyo mtu akija kuniuliza habari za kiwanja changu, kwanza nataka kujua anatafuta nini.

Nyuma ya jiko kuna jiwe la saruji lenye namba. Wapimaji wa Mdachi, Mjerumani yule, ndio waliolisimika, enzi zake. Bibi yangu, akiwa mtoto, alimwona huyo Mdachi. Alisema ilikuwa akipita, watu wazima wanashuka njiani, wanainamisha vichwa mpaka apite. Hata sisi wajukuu tulitishwa naye tukilia, na alikwisha ondoka zamani.

Sasa mwaka juzi Mdachi akaja kwangu na bodaboda. Mtu wa miaka sitini hivi, pua imebabuka kwa jua, kandambili mguuni. Alipiga hodi, akangoja nje mpaka nikamkaribisha.

"Shikamoo, mzee."

Mdachi ananiamkia mimi? "Marahaba," nikasema, lakini moyoni nikasema huyu ana lake jambo.

Kiswahili alijifunza kwao. Akatoa picha ya kale: mzungu mwenye masharubu kasimama kando ya jiwe, na namba ni ile ile.

"Huyu ni babu wa baba yangu. Alikuwa mpimaji. Naomba kuliona jiwe."

"Kuliona tu?"

"Kuliona na kupiga picha."

Nani anapanda ndege kuja kutazama jiwe? Pwani yote hii tunajua: Mdachi aliposhindwa vita alifukia mali, akaweka alama, na wajukuu wanarudi na ramani. Nikamwambia kuwa mke wangu ni mgonjwa, uani hakuingiliki, arudi Ijumaa baada ya sala.

Mke wangu alikuwa anakuna nazi, mzima wa afya. "Mimi naumwa nini?"

"Unaumwa mpaka Ijumaa."

"Baba watoto, jiwe hilo unaanikia taulo miaka yote. Leo ndiyo limekuwa na dhahabu?"

"Wewe kuna nazi."

Alhamisi asubuhi nikashika sururu. Nikachimba upande wa nje, hakuna kitu. Nikahamia upande wa jiko. Mimi huyu, ninayewagombeza mafundi wasichimbe karibu na msingi! Kabla ya adhuhuri ukuta wa jiko ukalala chini, na sufuria ya mchuzi chini yake. Bahati mke wangu alikuwa kisimani. Na chini ya jiwe? Mchanga. Chini ya mchanga, mchanga.

Aliporudi akatua ndoo, akatazama. "Haya. Chota hiyo dhahabu nipikie."

Ijumaa Mdachi akaja. Akaangalia shimo, akaangalia ukuta, akaangalia jiwe la babu yake limelala ubavu.

"Mvua," nikasema. Ilikuwa kiangazi.

Hakucheka. "Pole, mzee." Akakunja suruali, akaanza kubeba mawe.

Nikavuta kigoda, nikaketi. "Hilo kubwa liende chini. Siyo hivyo. Geuza." Anageuza. Majirani wakachungulia uani. "Leo Mdachi kibarua wa mzee!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilifurahi, sitasema uongo. Nilikumbuka wale watu wazima wa bibi yangu wakishuka njiani.

Nikamuuliza, "Kwenu siku hizi mmekuwaje, hata mnabebea watu mawe?"

"Siku hizi sisi ni nchi tu, mzee. Kama nchi nyingine."

"Hayo kawaambie watoto."

Siku tatu ukuta ukasimama. Jiwe tukalirudisha pamoja, yeye upande ule, mimi huku, akapiga picha yake. Lakini shimo nililifukia mwenyewe, peke yangu. Na kila alipoinama nilikuwa naangalia macho yake yanakwenda wapi.

Mke wangu anapika humo mpaka leo, na ukuta haujapata ufa. Siku ya kuagana Mdachi alisema mwakani atakuja tena kutuamkia.

Kutuamkia. Jiwe si ameshaliona?