Tumbaku ya Mama Nabwire

Siku ile pale kijijini Lumino, karibu na mpaka, mwanangu, haijanitoka kichwani. Nilikuwa mke mpya, nimetoka kwetu Merikit, na Wazungu bado wanatawala huku na ng'ambo ya mpaka. Mama mkwe wangu, Nabwire, alikuwa mjane aliyelima tumbaku ya kiko. Wazee wengi, wanaume kwa wanawake, walivuta ya kwake.

Mwaka huo mvua ilitukuta majani yakiwa bado yananing'inia kibandani. Nusu yakaota ukungu. Akaja mchuuzi wa Tororo, ambaye ndiye aliyekuwa akinunua tumbaku yetu yote. Akayatazama, akasema, "Mama, usihangaike. Changanya mazuri na mabaya, nyunyiza maji yapate uzito, halafu tia sukari guru. Ikinukia vizuri, nani atajua?"

"Atakayevuta atajua," mama mkwe akamjibu. "Mimi natia asali kidogo tu, jani likikauka mno, lisije likawa unga. Asali yangu haifichi uozo."

"Basi mimi siji tena hapa."

"Nenda salama, baba."

Akaenda kweli. Shemeji yangu akafoka, tutakula nini? Mama mkwe alikusanya majani yenye ukungu akayatupa shimoni. Lilikuwa jasho lake alilokuwa akilifukia. Nikashika jembe, nikafukia naye.

Yale mazima tuliyaanika upya kivulini. Kila asubuhi aliniambia nifinye konzi ya tumbaku: ikigandamana, bado ina maji, ikivunjikavunjika, imekauka kupita kiasi, ikifunguka polepole mkononi, iko tayari. Kisha tukajitwika, tukatembea hadi soko la Busia. Wazee wakajaza viko, wakavuta mbele yetu, wakanunua. Haikuwa nyingi. Tulikula mihogo mpaka tukaichoka. Lakini msimu uliofuata watu walivuka mpaka wakiuliza kwa Nabwire ni wapi, na mchuuzi yule hatukumhitaji tena.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu, wewe unayeanza kuuza mali yako: kilichooza kitupe, hata kama umekihangaikia. Usikitie utamu ukampa mwenzako. Na ukishasema hapana, simama hapo hapo, hata nyumba nzima ikununie. Mungu akupe nguvu ya kulima upya kila mvua ikikuharibia, na popote jina lako litakapotajwa, lipokelewe kwa furaha.