Nsimire Agawanya Diski

Fundi Anselme alikaa mbele ya kompyuta ya Nsimire dakika kumi tu, kisha akasimama akijipangusa mikono kama mtu aliyetoka kuzika.

"Virusi imekula mashine yote," alisema. "Tunaformata. Tunafuta kila kitu, tunaanza upya."

"Na barua zangu?"

"Zinaenda, mama. Utaandika zingine."

Nsimire alikuwa mzaliwa wa Bukavu. Alivuka mpaka mwaka 1998 akiwa na begi moja na ujuzi wa kupiga taipu kwa vidole kumi bila kuangalia chini. Huko ng'ambo, mjini katika mtaa wa Jabe, nyuma ya soko, alifungua kibanda cha kuandikia watu: meza, kompyuta moja, printa na benchi la wateja. Walimletea maombi ya kazi na mialiko ya harusi, lakini zaidi ya yote walimletea barua za kutafuta ndugu waliopotea vitani. Aliandikia mashirika, maparokia, kambi za Tanzania. Kila barua alibaki na nakala yake, maana alishaona jinsi watu wanavyokimbia na karatasi zikaungua na nyumba. Kufikia Juni ile ya mwaka 2003, barua zilikuwa zimepita elfu moja.

"Apana," alimwambia Anselme. "Hufuti hata moja."

Aliyempa njia nyingine alikuwa mteja wake Sylvère, mwalimu wa hesabu. Alimletea CD ya Linux pamoja na kijitabu cha Kifaransa.

"Huu ni mfumo mwingine," alimweleza. "Virusi ya Windows haiwezi kitu humu. Utafungua barua zako, utazisafisha. Shida ni moja tu, printa yako haiujui."

"Basi ninaweka yote mbili."

"Inawezekana. Unapunguza eneo la Windows kwenye diski, nafasi inayobaki unaipa Linux. Ila umeme ukikatika wakati diski inagawanywa, Mama Nsimire, unapoteza pande zote."

Anselme alipopata habari alirudi mwenyewe, bila kuitwa. "Mashine moja, mfumo moja!" alisema kwa sauti, ili watu wa benchi wasikie. "Unataka kuiua? Ukiiua, mi sitakuja kuifufua."

"Nani alikuita?" Nsimire alimjibu, akaendelea kupiga taipu.

Alikisoma kile kijitabu majuma matatu, akaandika kila hatua kwenye daftari la mistari ya hesabu. Alijaribu kunakili barua kwenye disketi, lakini disketi nyingi zilikuwa zimeharibiwa na unyevu. Aliokoa kama nusu ya barua tu. Siku nzima aliiacha kompyuta ikiyasogeza mafaili yote upande mmoja wa diski ili upande wa pili ubaki mtupu. Kuhusu umeme hakutaka kubahatisha. Alikwenda Zone Industrielle, eneo la viwanda, kwa Cirimwami, Mkongo mwenzake aliyetengeneza malori, akaazima kwake betri ya lori na kifaa cha kuigeuza nguvu yake iwe umeme wa nyumbani.

"Kesho kutwa jioni nirudishie," Cirimwami alisema. "Lori inaondoka."

Siku ya kazi, Nsimire aliunganisha kompyuta na betri, akapitia daftari lake mara mbili, kisha akabonyeza. Mstari wa buluu ukaanza kutambaa kwenye skrini, polepole mno. Ulikuwa umefika theluthi moja bomu la kwanza lilipoanguka, mbali, upande wa kusini. La pili lilikuwa karibu zaidi. Juma lile mapigano yalikuwa yameshuka kutoka milimani, na soko zima lilijua la kufanya: milango ya mabati ilibamizwa, watu wakakimbia.

Médiatrice, muuza mawese wa kibanda cha jirani, alimgongea. "Nsimire! Toka! Wanapiga mjini!"

"Siwezi kuizima sasa."

"We mwanamuke, unakufa juu ya mashine?"

"Nilikimbia Bukavu, nikaacha kila kitu," Nsimire alisema, macho kwenye skrini. "Leo siachi. Enda, dada. Enda na watoto."

Médiatrice alimtukana huku analia, akaondoka. Nsimire aliivuta meza mpaka kwenye ukuta wa matofali, akaketi sakafuni chini yake, magoti kifuani. Kila kishindo kilimwaga vumbi la paa. Umeme wa mtaa ukakatika, redio ya jirani ikanyamaza katikati ya neno, lakini kompyuta yake ilibaki ikinguruma. Aliogopa sana, baadaye hakuwahi kulificha hilo. Aliutukana ule mstari kwa Kishi, lugha ya kwao, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa mpaka ulipofika mwisho.

Aliendelea. Aliweka Linux, akaiwasha upya kompyuta, na majina ya mifumo miwili yakatokea yakimsubiri achague. Barua zote zilikuwemo. Alizihamishia upande mpya, akazisafisha moja moja kwa siku kadhaa. Halafu ule upande wa Windows, wenye virusi, akauformata yeye mwenyewe na kuupakia upya. Windows mpya ikaiondoa orodha ya kuchagulia. Ikamchukua siku mbili za hasira na kijitabu kuirudisha.

Médiatrice aliporudi kutoka Kajaga alikokimbilia, begi lake la nyaraka lilikuwa limepotea njiani. Ndani yake mlikuwa na barua ya kumtafuta mwanawe Adrien, iliyoandikwa mwaka 2000. Nsimire aliitafuta upande wa Linux, akabadilisha tarehe, akainakili upande wa pili, akawasha Windows, akaichapisha.

"Tunaituma tena," alisema.

Jibu halikuja mwaka ule. Mwaka uliofuata waliituma tena, na tena.

Anselme alikuja baada ya miezi mingi, akiwa na kompyuta ya mteja mkubwa ambaye alikataa kabisa mafaili yake yafutwe. Alizungukazunguka mlangoni, akaulizia hali ya biashara, akasifu benchi. Mwishowe akasema, "Ile kitu ulifanya… uliifanya aje?"

Nsimire alimsukumia daftari. "Kaa pale. Soma kwanza. Na ukitaka kusema haiwezekani, enda kusemea inje."