Mbizi ya Dakika Sita

Mtanzania akifika Johannesburg hana budi kuwa mtu wa Zanzibar. Nimeishi hapa zaidi ya miaka thelathini, na bado nikisema natoka Tanzania watu wananiuliza habari za pweza. Mimi ni mtu wa Morogoro. Nilikulia chini ya milima, na bahari niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na tisa, tena kupitia dirisha la basi. Lakini kuwasahihisha watu kila siku kunachosha, na kusema kweli, kusifiwa kwa kitu usichonacho hakuumi.

Ndiyo maana fundi bomba alipokuja kutengeneza geza yetu, lile tangi la maji ya moto, hapa Troyeville, akatuhadithia kwamba anajifunza kupiga mbizi na mtungi wa hewa, nilimwambia palepale kuwa mimi maji hayanitishi. Fundi huyu ni Mkongomani wa Bellevue. Alikuwa ametengeneza pampu ya bwawa la shule moja, na mwalimu wa mbizi anayelitumia siku za Jumamosi akamfundisha bure kwa shukrani. Sasa alikuwa anatafuta wenzake. Mume wangu, ambaye ujana wake uliishia kwenye kambi za wapigania uhuru, alisema kuwa mambo ya kuhatarisha maisha yeye alishayamaliza, akarudi kwenye gazeti lake. Watoto walinicheka kwa Kizulu. Nilienda.

Wa tatu alikuwa mteja mwingine wa fundi, dada Mkenya wa benki huko Sandton, mdogo wangu kwa miaka kama kumi na tano. Mwanzoni nilimwita madam. Lakini suti ya kupigia mbizi kwenye maji ya baridi ni mpira mzito, na zipu yake iko mgongoni, kwa hiyo hakuna anayeweza kujifunga mwenyewe. Huwezi kuendelea kumwita mtu madam baada ya kumsukuma makalio yaingie kwenye suruali ya mpira. Tulifungana zipu miaka mitatu.

Kwa kuwa bahari iko mbali na sisi, tulifanyia mazoezi kwenye machimbo ya zamani ya mawe yaliyojaa maji, mwendo wa saa moja kutoka mjini. Mwezi wa saba maji yale yana baridi ya kuumiza meno. Mwalimu alitufundisha mengi pale, lakini alianza na kanuni moja. Mtu yeyote anaweza kuikatisha mbizi wakati wowote, kwa kunyanyua kidole gumba. Mwenzake atapanda naye juu, na hakuna atakayemuuliza sababu, si majini, si kwenye boti, wala baadaye kwenye chai. Watu wakianza kuulizana sababu, alisema, kuna siku mtu ataona aibu kupanda, na aibu kule chini inaua.

Mimi niliiona kanuni hiyo haina adabu. Kwetu mtu akiinuka mezani kabla ya kushiba anaulizwa kulikoni, na usipomuuliza ataona humjali. Hata hivyo niliifuata, maana kwa miaka yote mitatu hakuna aliyewahi kunikatishia mbizi.

Halafu Mkenya wetu akatuambia benki inamrudisha Nairobi, na harudi tena. Niliumia sana. Watoto wangu wanaelewa Kiswahili lakini hawakisemi, na huyu alikuwa ndiye mtu niliyeongea naye karibu kila siku kwa lugha yangu. Sikumwambia hivyo. Nilichomwambia ni kwamba asiondoke kabla hatujaenda Cape kuwaona wale papa wadogo wenye mistari, wanaoitwa papa pajama, ambao tulikuwa tukiwazungumzia tangu mwaka wa kwanza. Alikubali. Tulienda watatu kwa gari lake, saa kumi na nne barabarani, tukiimba mpaka sauti zikakauka.

Huko Cape maji huwa baridi zaidi wakati wa kiangazi, na ndipo pia yanapokuwa safi. Asubuhi ile yalikuwa safi kweli. Fundi alizama na kiongozi wa mbizi tuliyepewa pale, mimi nikazama na Mkenya wetu, dada yangu, tukifuata kamba ya nanga ya boti. Baridi iliniingia shingoni kwanza, halafu kwenye vifundo vya mikono. Mwani wa kule ni miti kabisa. Mashina yake, manene kama mkono wangu, yanapanda kutoka kwenye mwamba hadi juu na kuyumba yote kwa pamoja. Nakumbuka nilijiambia kuwa ni pazuri. Mwenzangu aliniuliza kwa ishara kama niko sawa, nikamjibu sawa. Aliniuliza hewa, nikamjibu sawa tena. Chini yetu niliuona mwamba wenye rangi ya zambarau, na kitu kikijongea pembeni yake. Hapohapo akaleta mkono mbele ya miwani yangu, kidole gumba kikiwa juu.

Tulipofika juu nilitazama saa. Tulikaa majini dakika sita.

Sitapamba maneno, nilikasirika mpaka nikatetemeka. Nahodha alitupandisha kwenye boti, akatumiminia chai kutoka kwenye chupa, wala hakuuliza sababu. Baada ya dakika arobaini fundi aliibuka akicheka peke yake. Amewaona papa pajama watano chini ya jiwe moja, wamelaliana. Dada yangu akafurahi naye na kumuuliza hili na lile. Furaha yake ile ndiyo iliyonimaliza kabisa. Kesho yake upepo ulichafua bahari na boti hazikutoka, kwa hiyo tulifunga mizigo. Saa kumi na nne za kurudi sikumjibu zaidi ya ndiyo na hapana. Alijaribu kunisemesha hadi karibu na Bloemfontein, zaidi ya nusu ya njia, kisha akawasha redio.

Siku tatu baadaye fundi aliniletea suti yangu, aliyokuwa ameianika kwake. Nilimpa chai na malalamiko yangu yote pamoja. Nilisema mwenzetu ameingiwa na woga, na kwamba kanuni ni kanuni, lakini baada ya miaka mitatu mtu angeweza kunieleza mwenyewe bila kuulizwa. Fundi alikoroga sukari yake.

"Mama," alisema, "mitungi ile ni mimi nilibeba kutoka kwa boti. Ya kwake ilikuwa karibu kujaa. Ya kwako ilikuwa inakaribia nusu. Kwa dakika sita, Mama. Mimi niko fundi ya maji, geji siwezi kuikosea."

Mtu aliyetulia hamalizi hewa namna ile. Anayeimaliza hivyo ni anayehema kwa hofu. Nilijua hilo, sote tulifundishwa siku moja. Basi mwenye woga nilikuwa mimi. Yeye aliuona, akanipandisha, kisha akaacha nimdhanie yeye, maana kanuni ilimruhusu anyamaze. Na malipo yake yakawa mgongo wangu, nchi nzima kutoka Cape hadi Johannesburg. Niliona haya mbele ya fundi, nikajifanya natafuta biskuti.

Dada yangu alikuwa anasafiri Jumatatu. Jumamosi tulikutana kwenye machimbo kwa mara ya mwisho, na nilijua nisiposema siku hiyo ataondoka akiwa na ule mnuno wangu. Kumwomba radhi mtu niliyemzidi umri ni kazi inayonishinda. Mimi nimezoea kuombwa. Nilimfunga zipu yake. Kisha nikageuka anifunge yangu, na hapo, kwa kuwa sikuwa namwona usoni, mdomo ukafunguka.

"Mimi siingii leo," nilisema.

Mkono wake ulisimama kwenye zipu. Nilimsubiri aulize, hakuuliza. Akaanza kuifungua taratibu, ile zipu aliyokuwa amefika nayo katikati ya mgongo.

"Naogopa," nikaendelea. "Naogopa tangu siku ya kwanza, na kule Cape niliogopa kuliko siku zote, halafu nikakununia wewe. Nisamehe, mdogo wangu."

"Mama, mimi nilijua," alisema. "Si ulikuwa umenishika mkono?"

"Lini?"

"Tangu tushike ile kamba. Hukuuachilia hata tukiwa kwa boti. Chai yako ulikunywa na ule mkono mwingine."

Nimejaribu mara nyingi kuukumbuka mkono huo, na sijafanikiwa. Ninachokumbuka ni kwamba chai ilikuwa ya moto, na kwamba nilikuwa na hasira naye.