Bastola ya Baba na Sheria Niliyoitunga Mimi

Juzi niliingia duka la wawindaji kule Plano, Texas, kumtafutia mwanangu mabuti ya mvua. Nikapita karibu na kaunta ya silaha, harufu ya mafuta ya bunduki ikanipiga puani, nikasimama katikati ya njia watu wananipishana. Jamani, harufu! Ilinirudisha Lewisville, kwenye maghorofa yetu ya kupanga, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mmoja na nyumba yetu ikakaribia kuvunjika kwa sababu ya kulungu.

Nikueleze. Ulikuwa mwaka wetu wa tatu tangu tutoke kambi ya wakimbizi Kigoma, tulikofika tukikimbia vita vya kwetu. Baba alifanya kazi ghalani, zamu moja na jirani yetu wa chini, mzee Mmarekani mwenye kicheko kikubwa, ambaye kila Novemba alikwenda kuwinda kulungu kwenye shamba la ndugu zake. Akamwalika baba. Weee! Baba alibadilika siku ileile. Kambini tulikula vya kupimiwa miaka yote, na ukitoka nje kutafuta hata kuni unakamatwa. Sasa alitaka, mara moja tu, alete mezani nyama aliyoitafuta mwenyewe. Bunduki ndefu asingeiweza, maana bega lake liliumia kazini. Jirani akamwambia wapo wanaowinda kwa bastola ya silinda, ile ya risasi sita inayozunguka.

Mama hakupiga kelele. Mama akikasirika hupunguza sauti. Alikuwa anakoroga maharage, mvuke umemjaa usoni, akasema, "Siku chuma hicho kinanunuliwa, mimi na wanangu tunatoka. Tunakwenda kwa mdogo wangu Houston." Na hakuwa anatania. Mama mdogo alikuwa Sharpstown, mtaa wa Houston, chumba kimoja na watoto wanne, lakini mama alishaanza kukunja nguo zetu. Huyu ni mwanamke ambaye fataki za sikukuu yao ya Julai zilipolia kama risasi alitulaza sote ndani ya beseni la kuogea, akisali rozari mpaka ziishe. Nilimwelewa kabisa. Ila sikutaka kwenda Houston bila baba.

Jumamosi baba akanichukua twende duka la bunduki, kwa sababu Kiingereza cha nyumba ile kilikuwa mdomoni mwangu. Benki mimi, hospitali mimi, hata mwalimu akinishtaki, mimi ndiye niliyetafsiri mashtaka. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwa mnyororo shingoni. Baba akaonyesha bastola kubwa kuliko zote na risasi nene kama kidole gumba. Muuzaji akauliza atapiga kutoka umbali gani. Hatua mia mbili, baba akajibu kwa kifua mbele. "Mwambie hatua hamsini, tena awe ameegemea kitu," muuzaji akasema akicheka. Akaleta ya wastani, nzito, yenye mtutu mrefu, akaeleza kwamba uzito unameza kishindo na mtutu mrefu unasaidia jicho.

Nyuma ya duka palikuwa na sehemu ya kujaribia. Baba mbishi, akaanza na ile kubwa. Mimi nilitazama kupitia kioo, vifunika masikio vinanibana. Risasi ikaenda kusikojulikana, na aliporudi alimrudishia muuzaji bastola upesi kama kaa la moto. Nilidhani ni kishindo. Nikamtazama usoni, nikajua kwamba baba naye, siku zote zile, alikuwa anaogopa kama mama.

Kwenye kaunta, baba akiwa ameikubali ile ya wastani, muuzaji akauliza swali dogo tu: atachukua risasi zipi? Baba akanigeukia. "Anasemaje?"

Haki ya Mungu, sijui ule ujasiri niliutoa wapi. "Anasema sheria ya Texas, mwanamume mwenye mke hauziwi bastola mpaka mke aje akubali mwenyewe."

Baba hata hakushangaa. Nchi iliyotaka saini ya mzazi ili mtoto apelekwe tu na shule kutazama wanyama, itashindwaje kutaka saini ya mke? "Wamarekani kwa sheria!" akaguna, tukarudi nyumbani mikono mitupu.

Mama alikubali kuja upesi mno. Alikuja kusema hapana mbele ya serikali. Jumamosi ya pili alivaa kitenge chake cha Misa, akasimama kwenye kaunta, mimi pembeni nikiogopa kuumbuka. Lakini kabla hajaitoa hapana yake, akauliza. "Muulize, hii ikiwekwa nyumbani, risasi zinakaa wapi?"

Muuzaji alifungua silinda akaielekeza dirishani. Huwekwa hivi, akasema, risasi mbali nayo. Matundu sita, matupu, mwanga unapita. Mama alishaona bunduki nyingi maishani, ila alikuwa hajawahi kuonyeshwa iliyo tupu. Akagusa kila tundu kwa ncha ya kidole, yote sita. Kisha sauti ikashuka mpaka nikalazimika kumsogelea. "Risasi ipi inamaliza upesi, mnyama asikimbie na kidonda? Kukimbia na kidonda nakujua mimi."

Nilitafsiri huku nalia. Muuzaji akaweka mezani boksi la risasi zenye ncha laini, zinazofunguka zikiingia. Zile ngumu, alisema, hupenya tu, mnyama akaenda kufia mbali. Hazikuwa kubwa kuliko zote. Zilikuwa zile ambazo baba angepiga bila kufumba macho. Mama ndiye aliyelinyanyua boksi. Masharti akayataja palepale: bastola ikae kwa jirani, kwenye kabati lake la chuma, risasi zikae kwingine, na mlango wetu isiuone.

Novemba ile tulikula kulungu kwa ndizi na tangawizi. Jirani alishiba hadi akalegeza mkanda. Baba alikuwa anatutazama tu tunavyotafuna, chake kinapoa.

Leo lile duka wanauza simu. Jirani alihamia kwa binti yake, na maghorofa yamepakwa rangi nyingine. Bega la baba limegoma kabisa, hawindi tena. Wazazi wangu wamehamia Sharpstown, wote wawili, kwa hiari yao.

Jioni ya juzi niliwapigia simu, nikaungama. Baba alicheka hadi akakohoa. Mama akasema, "Mbona nilijua. Yule mama wa dukani aliponiona alishangaa, nikajua hakuna aliyeniita."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ilikuwa sheria nzuri, mwanangu. Wangekuwa nayo kwetu, wakatuuliza sisi wake kwanza, tungekuwa bado kwetu."