Uvimbe wa Shingoni

Hamida alikuwa anamenya mihogo wakati jirani yake, Mkunya, alipofika. "Mama Fakihi, dada yako mwalimu ametutoka."

"Innalillahi," akajibu, kisu bado mkononi.

Mwalimu yule alifundisha baiolojia kwa vidole: protini hizi huamuru seli igawanyike, hizi huizuia. Sauti yake haikupanda kamwe. Uvimbe ulipomwota shingoni, aliupapasa akiunong'oneza, "Basi, inatosha."

"Dada, unaongea na nani?" Hamida alimwuliza siku moja.

"Na wanafunzi watukutu. Breki zimekatika, mdogo wangu. Wanagawanyika tu."

Siku ya mazishi, Hamida na wanawake wengine walipomwosha marehemu kwa maji waliyochangiwa na majirani, mwili ulikuwa wa baridi, ila uvimbe ulikuwa bado na joto, kana kwamba wanafunzi wale watukutu wangali wanagawanyika. Hamida akaumiminia maji polepole, akimwombea dada yake rehema. Alasiri wanaume wakalibeba jeneza kwenda makaburini, naye akabaki mlangoni na wanawake wenzake.