Farasi wa Ukutani Bangwe

Shule niliachia darasa la pili, kwa hiyo mniwie radhi nikizunguka. Miaka ile ya wakimbizi, boti zikivuka kutoka Kongo, tulikuwa na kibanda cha chai ufukweni Bangwe, mimi, mke wangu na mama yake. Chai yetu ilikuwa nyepesi, sikatai. Maandazi lakini! Haya, tuyaache. Mkimbizi mmoja, mbeba mizigo bandarini, akaniomba ukuta wa nje achore.

Alichora kwa masalia ya rangi za boti. Hakupiga mistari, alikuwa akidonadona kwa tambara. Ukisogea karibu unaona madoa tu. Ukirudi nyuma hadi majini, kumbe mlima, majani yanapepea, mwanamke na watoto wawili, na farasi mweupe.

"Mbona hawana nyuso?"

"Nyuso za nini, kaka? Kwetu farasi alikuwa mmoja tu, wa misheni, na aliyemtunza ni mimi. Mke wangu akishuka botini akamwona huyu, atajua niko hapa."

Kesho yake farasi ana pembe! Ndefu, za mkaa, kama za ng'ombe wetu wa Buha. Mama mkwe alidhani ni ng'ombe aliyesahauliwa pembe, akamhurumia, akamchorea. Sasa ningemwambiaje? Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni, sembuse kukosolewa. Nikamgeukia kuku.

"Wewe kuku, yule ni farasi. Mke wa mtu akiona pembe atapita!"

Mama mkwe, kanipa mgongo, akamjibu kuku yuleyule: "Mwambie huyo baba, angesema mapema." Akachovya kitambaa, akazifuta mwenyewe. Mkimbizi alicheka mpaka akakaa chini.

Mvua zilipoanza, boti moja ilishusha mama na watoto wawili. Akasimama mbele ya ukuta, chai tuliyompa inapoa mkononi.

"Aliyechora huyu farasi yuko wapi?"

Mama mkwe akatupa upawa, akakimbia mwenyewe bandarini, na magoti yake yale mabovu. Akarudi na mkimbizi, kajaa vumbi la saruji. Mume na mke wakabaki wanatazamana, watu tumewakodolea macho.

"Geukeni ninyi!" mama mkwe akafoka. "Waacheni wasalimiane."

Tukageuka wote, wateja na vikombe vyao. Katika kugeuka kule nikajikuta uso kwa uso na mama mkwe. Alikuwa analia, na mimi pia.