Nilichomjibu Rubani

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa Machi, mwanangu, nami nilikuwa nimeketi mbele ya redio ya upepo katika kibanda cha kiwanja kidogo cha ndege, nje ya Ilongero. Nilikuwa nimetoka chuoni mwaka ule. Biashara ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, na mnunuzi wa alizeti aliyeniajiri alisafiri kwa ndege yake ndogo. Kazi yangu ilikuwa kumweleza rubani hali ya hewa. Kipimo chetu kilikuwa mawe makubwa ya upande wa mashariki: yakionekana, ndege itue, yasipoonekana, irudi Dodoma.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mashina ya mtama. Kengele za ng'ombe zilisikika zikipita, ng'ombe wenyewe hawakuonekana. Dunia ilitulia kama maziwa ndani ya kibuyu. Kisha ikaja sauti ya rubani, mtu mzima, mpole.

"Binti, mawe unayaona?"

Nyuma yangu alisimama msimamizi wetu, Mzee Mghenyi, rika la baba yangu. "Mwambie yanaonekana. Tajiri ana wageni humo."

"Mzee, mimi naona weupe tu."

"Kwani yamehama? Au chuo kimekufundisha kuogopa umande?"

Kwetu, binti hambishii mzee mara mbili. Nikautazama tena weupe ule, na kwa kitambo kidogo mawe yakajichora humo, ya kijivu, kama nilivyoyajua tangu utoto. Nikabonyeza kitufe. "Nayaona, Kepteni."

Ndege iliangukia shambani, kabla ya kukifikia kiwanja. Wote walitoka hai, ila rubani alivunjika miguu. Wachunguzi walipofika, Mzee aliwaambia kwamba rubani alikaidi onyo letu. Nikainamisha kichwa. Baadaye nikasikia kwamba atanyang'anywa leseni.

Mwanangu, msalimie mkubwa, mpishe kiti, msikilize mpaka amalize. Lakini usimwachie akuamulie macho yako yameona nini. Ukiulizwa unaona nini, sema unachokiona, hata kama sauti inatetemeka; na ukishakosea, usikae kimya kama nilivyokaa mimi. Mungu akujalie moyo huo ungali kijana, na akulinde uendako.

Mimi moyo huo ulinijia baada ya wiki tano. Niliwapelekea wachunguzi barua, nikaitia saini kwa jina langu kamili: "Rubani hakukaidi onyo lolote. Aliniuliza, nami nikamdanganya."